Nilipata 15 kati ya 15, pua ikabaki barabarani

Kwanza nitaje kazi yangu, maana bila hiyo habari hii haina uzito. Mimi ni mpishi wa mlimani. Nakaa Moshi, upande wa Pasua, na nimekuwa nikipanda Kilimanjaro miaka mingi kupikia wageni wanaokwenda kupiga picha kilele cha Uhuru. Siku ya kwanza pale geti la Machame, kiongozi akishawatambulisha wagumu, yaani wabeba mizigo wetu, hunielekezea mimi kidole: "Na huyu ndiye injinia wa matumbo." Wageni wanacheka, nami napunga mkono. Utani umechakaa, ila ndani yake mna kazi kweli. Mtu akifika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, hamu ya kula inakatika. Asipokula hana nguvu ya kutoka usiku ule kwenda mita 5,895. Kazi yangu ni kumfanya mtu ambaye hata maji hayataki aseme, "Hebu niongezee supu kidogo." Na kinachomwita mezani kabla hajaiona sahani ni harufu.

Mimi harufu siipati. Kwa miezi mingi sikuipata kabisa, na sasa naipata vipande vipande, tena vingine vimeharibika. Wenzangu wengi mlimani wanajua. Wengine watajulia hapa.

Ajali yenyewe sitairefusha, kila mtu wa Moshi ana ya kwake. Nilikuwa abiria wa bodaboda, natoka Kiboroloni kurudi mjini. Haisi ikasimama ghafla kuokota abiria, dereva wangu akaikwepa, pikipiki ikalala. Yeye alichubuka magoti. Mimi nilitua kisogo. Kofia ngumu ya abiria ilikuwepo. Ilikuwa imetundikwa kwenye usukani, na huko ndiko ilikobaki.

Hospitali niliyofikishwa siitaji, na sina neno baya juu ya waliopokea damu yangu kwenye mikono yao. Walinishona. Wakaniuliza jina langu, wakaniuliza leo ni siku gani, wakaniambia fumbua macho, minya vidole vyangu, inua mguu, huu na huu. Dokta akaandika kwenye faili 15/15 na akaniambia kwa furaha kabisa, "Umepata zote." Hicho ni kipimo cha Glasgow. Walikitunga madaktari wawili wa huko Uskochi, Graham Teasdale na Bryan Jennett, mwaka 1974, na kinatumika dunia nzima. Kinaangalia mambo matatu: kama unafumbua macho, kama unaongea kwa akili, na kama mwili unatii ukiambiwa. Alama ya chini ni 3, ya juu ni 15. Ni kipimo kizuri, kinaonyesha haraka nani anazama na nani yuko salama. Picha ya CT, ile ya kuangalia ndani ya kichwa, nayo ikaonyesha hakuna damu ya kupasuliwa. Nikarudi nyumbani na dawa za maumivu, ndugu wakamshukuru Mungu, na mimi nikamshukuru.

Lakini kipimo kile hakiulizi pua. Hakiulizi kama mtu aliyesimama mbele yako unamwona mmoja au wawili. Hakiulizi sikio la kushoto, wala ulimi, wala bega. Hayo yana mishipa yake ya fahamu, yaani neva, jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo na kupenya kwenye matundu ya fuvu kwenda usoni, machoni, masikioni, kooni na shingoni. Mtu anaweza kuwa na alama 15 na kadhaa kati ya hizo zimekatika. Jambo nililokaa kuandika leo ni hilo tu, mengine yote ni maelezo.

Chakula cha hospitali hakikuwa na ladha, ila ni nani aliwahi kukuta chakula cha hospitali chenye ladha? Kwa hiyo sikushtuka. Nyumbani, siku nimekaa jikoni kwenye kigoda, kichwa kimefungwa, naongea na simu, maharage yakakauka na kuungua jikoni hapo hapo, mkono wangu ungefika. Mke wangu alikuwa uani anaanika nguo. Akaingia mbio, kaziba pua kwa khanga, akanikuta nimetulia kabisa ndani ya moshi. "Baba watoto, hivi wewe ni mzima?" Nikamwambia mbona moshi nauona, nilidhani ni wa kuni za jirani.

Mama yangu akashuka kutoka mgombani na hukumu yake tayari: mafua ya hospitali yamekwama. Akachemsha majani ya mkaratusi, akanifunika blanketi, nikajifukiza mpaka jasho likanitoka. Nilisikia kitu. Ubaridi mkali ukapanda juu puani na macho yakatoa machozi. Mama akafurahi, "Si unaona, inafunguka!" Nami nikafurahi. Blanketi lilipotolewa nikachukua lile jani nikalisugua mkononi, nikalinusa, hakuna kitu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ule ukali, kama wa pilipili, amonia, au spiriti ya hospitali, hausikiwi na neva ya kunusa. Unasikiwa na neva ya tano, ile ya ngozi ya uso, meno na ndani ya pua. Ya tano kwangu ni nzima. Ndiyo maana kitunguu bado kinaniliza ingawa sikinusi, na huo ni uonevu.

La jicho lilikuja kimyakimya zaidi. Nikitazama mbele, sawa. Nikitazama juu, sawa. Nikishuka ngazi, kila ngazi inakuwa na pacha wake juu yake, imepinda kidogo, na mguu haujui ukanyage ipi. Gazeti mkononi, mistari inapandana. Nikifumba jicho moja, lolote lile, pacha anaondoka. Nikajiambia ni udhaifu, damu imepungua, nitakula maini. Aliyeigundua ni binti yangu, anapitia picha kwenye simu: "Baba, mbona kwenye picha zote umelaza kichwa kushoto?" Nikaenda kwenye kioo, nikajiweka sawa. Nilipojisahau, kichwa kikalala tena chenyewe.

Nilirudi kutafuta tiba, safari hii kliniki nyingine, na huko nikampata dokta binti mdogo, sijui kama alikuwa na miaka 30, aliyenishikamoo kabla hajanigusa. Alikuwa na kopo dogo kwenye mfuko wa koti. Akaniambia nifumbe macho, nizibe tundu moja la pua, nivute pumzi. Nikangoja. Nikamwambia, "Dokta, nipo tayari, weka hiyo dawa." Akasema, "Nimeshaiweka, baba. Ni kahawa."

Kahawa. Mimi, mtoto wa Kichaga, nimekulia kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, nimechuma kahawa kabla sijajua kusoma, na iko chini ya pua yangu sijui. Hapo ndipo niliposhtuka kweli, kuliko siku ya ajali.

Akaendelea: sabuni, hakuna. Spiriti, inawasha. "Hiyo inayowasha ni neva nyingine," akanieleza lile la neva ya tano. Akachora hewani kwa kidole, macho yafuate bila kichwa kugeuka. Akanilaza kichwa kulia, akanilaza kushoto, kila mara ananiuliza unaona vidole vingapi na kimoja kiko juu kiasi gani. Nionyeshe meno. Fumba macho kwa nguvu nisiweze kuyafumbua. Pandisha mabega. Toa ulimi. Nina ndevu za mvi, natoa ulimi mbele ya mtoto wa watu, na mgonjwa wa kitanda cha pili anatazama. Dakika chache tu zilitosha, hakutumia mashine yoyote. Nilimwuliza kwa nini sikufanyiwa hivyo mwanzo. Hakumsema mtu. Alisema tu kwamba siku ya ajali watu wanapigania uhai, na baada ya hapo mgonjwa anaonekana mzima.

Nieleze alivyonieleza. Neva ya kwanza, ya kunusa, si kamba moja. Ni nyuzi nyembamba mno zinazopanda kutoka juu ndani ya pua na kupita kwenye mfupa wenye vitundu vingi, kama chekeche, kuingia kwenye ubongo uliokaa juu yake. Ukigonga kichwa, fuvu linasimama lakini ubongo bado unakwenda. Unateleza mbele, unarudi nyuma, na zile nyuzi zilizoshikwa kwenye vitundu zinakatwa. Pua yenyewe haina hata mchubuko. Tena pigo la kisogoni linaweza kuziumiza vibaya kuliko hata la usoni, maana ndilo linaloutupa ubongo mbele. Hili wengi hawaamini ninapowaambia: nimeumia nyuma, nimepoteza mbele.

Neva ya nne ndiyo ya jicho langu la kulia. Inaendesha msuli mmoja tu, ule unaolishusha jicho chini linapotazama upande wa pua: kusoma, kushuka ngazi, kuangalia unapokanyaga. Ni nyembamba, na ndiyo pekee kati ya zote 12 inayotokea nyuma ya shina la ubongo, kwa hiyo inazunguka safari ndefu ndani ya fuvu kabla ya kulifikia jicho. Chembamba kinachosafiri mbali ndani ya kichwa kinachotikiswa, si ajabu kiumie. Kichwa changu kilikuwa kinalala kushoto kwa sababu ubongo ulitafuta wenyewe pembe ambayo picha mbili zinakuwa moja. Nilipoelewa hilo niliacha kujilazimisha kunyooka.

Hiyo hesabu ya 12 nilikuja kuisoma mwenyewe: aliipanga Samuel Thomas von Sömmerring, Mjerumani, mwaka 1778, na mpangilio wake ndio unaotumika mpaka leo, kutoka mbele kwenda nyuma. Kabla yake wengine walihesabu saba. Sijui kwa nini hili linanipendeza, labda kwa sababu hata mimi kwenye boksi langu la viungo napanga kwa namba.

Benchi la kliniki nalo lina masomo yake. Nilikaa mara nyingi karibu na kijana aliyekuwa utingo wa lori, alianguka kutoka juu ya mzigo. Alitoka damu sikioni, akawa na wekundu mweusi nyuma ya sikio, ambao dokta alisema ni alama ya fuvu kupasuka chini. Uso ulikuwa mzima siku ya kwanza. Baada ya siku mbili tatu nusu ya uso ikalegea: mdomo umekwenda upande, jicho halifungi, chai inamwagika. Ndugu zake walisema kapigwa na upepo mbaya, na mjomba mmoja akasema ni kiharusi. Dokta akamwambia akunje paji la uso. Upande ule halikukunjika. Kiharusi cha ubongo kwa kawaida hakilazi paji la uso, mtu anaweza kulikunja. Neva ya saba ikiumia yenyewe, paji nalo linalala. Na kule kuchelewa kulegea kulikuwa habari njema. Neva hii inapita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikikatwa, uso unaanguka papo hapo. Ikivimba tu ndani ya ule mfereji, uso unaanguka baadaye, na mara nyingi hurudi. Walimpa dawa za kupunguza uvimbe. Walichomsisitizia zaidi ni jicho: matone mchana kutwa, mafuta na plasta ya kulifunga usiku, kwa sababu jicho lisilofunga linakauka, kioo chake kinapata vidonda, na uso unaweza kurudi jicho limeshaharibika. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anapiga mluzi. Mluzi mbovu, lakini mluzi.

Mwingine alikuwa mzee wa ugomvi wa mpaka wa shamba, panga la shingo. Kidonda kilipona vizuri, kovu dogo tu. Tatizo lake lilikuwa bega: limeshuka, na mkono haupandi kuvaa shati. Neva ya 11 inapita upande wa shingo karibu sana na ngozi, haihitaji kidonda kirefu. Alikuwa ameambiwa ni baridi yabisi. Sauti kukwaruza baada ya jeraha la shingo ni neva ya 10. Ulimi ukitolewa unaokwenda upande mmoja ni ya 12, na unaelekea upande ulioumia. Sitaingia ndani zaidi, mimi ni mpishi.

Ila kuna mambo mawili ambayo hayangoji kliniki wala benchi. Mtu aliyegonga kichwa akianza kusinzia, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili na ukope ukashuka, hiyo ni neva ya tatu inabanwa na ubongo unaovimba au damu inayojaa. Tafuteni gari dakika hiyo. Na akitokwa na maji mepesi puani au sikioni, hasa akiinama, yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo. Asipenge kamasi. Msimzibe kwa pamba. Apelekwe.

Sasa jikoni.

Watu wanadhani mpishi asiyenusa hajui chumvi. Chumvi naijua. Ulimi wangu mzima unajua chumvi, sukari, uchachu wa limau, uchungu wa mchunga, na ule utamu wa nyama kwenye mchuzi. Kinachokosekana ni kila kitu kingine. Kuku na sungura ni kitu kimoja. Mdalasini ni unga wa mbao. Mtori wa mama yangu, ambao ningeutambua nimefumbwa macho kati ya sufuria 20, umekuwa uji mzito wa moto wenye chumvi. Nilikula nikaulizwa "vipi?" nikasema mtamu, na nikaona mama amejua.

Kitunguu nakikaanga kwa sikio. Sikujua kama inawezekana. Kikiingia kwenye mafuta kinapiga kelele nene, ya maji mengi. Kadiri maji yanavyokwisha sauti inakuwa nyembamba na kavu, kisha inaanza kudatadata kwa nafasi. Pale kelele inapotaka kukatika, kabla haijakatika, ndipo rangi ya dhahabu inapoingia pembeni, na ndipo naweka kitunguu saumu. Kitunguu saumu sikiachii hata sekunde chache, kwa sababu kikiungua hakina sauti ya kunionya. Kwenye hema la jiko kule juu kambi ya Karanga, upepo ukipiga turubai, sauti hiyo haisikiki. Hapo nainama na taa ya kichwani na kuangalia rangi tu. Viungo napima kwa kijiko, kitu ambacho zamani nilikidharau kwa wapishi wa hotelini. Nyama na maziwa hanusi mwingine ila msaidizi wangu. Kila asubuhi nampelekea sufuria, anaingiza pua, anasema "safi" au anakunja uso. Mimi namfundisha kupika, yeye ananikopesha pua, nadhani hatudaiani.

Gesi ndiyo inayonitisha. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya inatiwa makusudi ili ikivuja ujue. Mwaka 1937 shule moja ya New London, Texas, kule Marekani, ililipuka kwa gesi isiyotiwa harufu na karibu watu 300 wakafa, wengi watoto, na baada ya hapo sheria za kuitia harufu zikaja haraka. Kwangu mimi kila mtungi ni wa kabla ya 1937. Kwa hiyo nina chupa ya maji ya sabuni. Nikifunga regulata napaka povu pale kwenye maungio na kungoja. Likitoa mapovu, nafungua na kufunga upya. Nyumbani mtungi umehamia nje ya ukuta. Na kwa wanaonusa vizuri, msijione: ile gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa au jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa haina harufu kwa mtu yeyote. Wagumu wanaoingiza jiko hemani ili kuota moto tunawatoa kila msimu.

Dokta alinipa mazoezi ya pua. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha mwaka 2009 utafiti wa watu waliopoteza kunusa: harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, unanusa asubuhi na jioni kwa wiki 12. Waliofanya waliwazidi wasiofanya. Alinitahadharisha kwamba sisi wa kichwa kupigwa hatupati nafuu sawa na wale wa mafua, na kwamba ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya mwaka wa kwanza. Karafuu nilinunua soko la Mbuyuni. Limau lipo. Mkaratusi ni bure, na mama alijisifu wiki nzima kwamba Wajerumani wamemfuata yeye. Waridi ndilo lililosumbua. Dada yangu aliyeko Arusha akaniletea shada la yale wanayolima kusafirisha Ulaya, mazuri ajabu, akaja kukiri kwamba hata yeye mwenye pua hasikii kitu. Yanachaguliwa yadumu kwenye chombo, si yanukie. Mwishowe nikapata marashi ya mawaridi kwenye duka la Mhindi, yale ya kunyunyizia watu harusini na msibani.

Unakaa, unavuta pumzi fupi fupi, unajikumbusha karafuu ilikuwaje. Kwa muda mrefu nilikuwa nanusa kumbukumbu. Halafu siku moja kahawa ikarudi, na ikarudi mbaya: mpira unaoungua. Kitunguu kinachokaangwa kikawa hivyo hivyo. Nilikimbilia kliniki nikidhani ubongo umeharibika zaidi, dokta akapiga makofi. Nyuzi zinapoota upya huungana ovyo mwanzoni, na kahawa ni moja ya vitu vinavyoongoza kunuka vibaya wakati huo. Basi nikawa mtu wa Moshi anayevuka barabara ili asipite wanapokaanga kahawa. Sasa mpira umepungua. Karafuu naipata vizuri, limau nusu, waridi bado.

Jicho lilikuwa na bahati zaidi. Dokta alisema tungoje angalau miezi sita kabla ya kuzungumzia upasuaji, kwa kuwa neva nyingi za namna hii hujirudia, na kweli likanyooka sehemu kubwa. Kupanda hakukunisumbua kamwe. Shida ni kushuka, hasa njia ya Mweka, zile ngazi za magogo msituni zenye utelezi, mwili umechoka na macho yamechoka. Kufunika jicho moja kunaondoa pacha lakini kunakunyima kina, hujui gogo liko umbali gani. Nilichojifunza ni kushusha kidevu badala ya kushusha macho. Unainamisha kichwa chote, macho yanabaki yametazama mbele au juu kidogo, na picha inakuwa moja. Nashuka na fimbo mbili, nyuma ya watu wote. Wagumu wananipita na mizigo yao ya kilo 20 wakinisalimia "Pole mzee," nami naitikia.

Kampuni niliyoizoea ilipopata habari ilinyamaza, simu hazikupokelewa. Nyingine ilinichukua kwa sharti la msaidizi, na sikatai sharti hilo. Kilichonikera ni bima. Kwenye PF3 yangu, fomu ya polisi ya majeruhi, ya siku ya ajali pameandikwa jeraha la kisogo, limeshonwa, basi. Nilipodai, wakasema jeraha limepona, ulemavu haupo. Pua haikuandikwa popote. Jicho halikuandikwa. Nikapeleka barua ya kliniki, wakauliza tutajuaje kwamba hukuwa hivyo tangu zamani. Mpishi wa mlimani, tangu zamani hanusi! Shauri bado linakwenda.

Kwa hiyo ukimpeleka ndugu yako aliyegonga kichwa au kuumia shingo, na ukasikia kapata 15, shukuru, halafu mwombe dokta kwa adabu aangalie na hivi: kahawa au sabuni kila tundu la pua, kufuata kidole kwa macho pande zote kama kinaonekana viwili, meno, kufumba macho, kusugua vidole karibu na kila sikio, ulimi, mabega. Na kilichoonekana kiandikwe na tarehe. Kama siku ile hali hairuhusu, mrudishe wiki inayofuata. Msingoje maharage yaungue.

Nina ombi moja pia. Dokta ameniandikia miwani ya prizma, lenzi iliyokatwa kuunganisha picha mbili mtu anapotazama chini, na mafundi miwani niliowauliza hapa mjini wanasema waagize mbali kwa bei ambayo siwezi. Kama kuna anayemjua fundi wa Moshi au Arusha anayezitengeneza, au aliyewahi kubandikiwa ile prizma ya plastiki juu ya miwani ya kawaida, aniandikie hapa chini bei na ilivyomsaidia kwenye ngazi. Napanda tena mwezi ujao na kundi kubwa, na ningependa kushuka Mweka bila kuwa wa mwisho.